Mchungaji Kizimbani: Kuisoma Ezekieli 34 Hadi Mwisho

Makanisani mwetu taswira ya mchungaji hutumika zaidi kufariji. Zaburi ya 23 husomwa mazishini, na picha ya Yesu aliyembeba mwanakondoo hutundikwa sebuleni. Hakuna ubaya. Lakini faraja hiyo ikitengwa na chimbuko lake, haikawii kugeuzwa amri: kondoo hahoji. Makala haya yanadai kwamba manabii waliitumia taswira hii kuwashtaki wenye mamlaka, na kwamba mafundisho yanayoyasahau mashtaka hayo huliacha kundi bila kinga.

Mashariki ya Kati ya kale, mchungaji kilikuwa cheo cha wafalme. Hammurabi wa Babeli, karne ya 18 K.K., alijiita hivyo katika utangulizi wa sheria zake. Hata Koreshi wa Uajemi anapewa sifa hiyo katika Isaya 44:28. Ezekieli, akiwa uhamishoni katika karne ya 6 K.K., aliichukua sifa hii ya ikulu akaifanya hati ya mashtaka. Viongozi wa Israeli wamevaa sufu na kuchinja wanono, ilhali waliovunjika hawakufungwa wala waliopotea kutafutwa. Hukumu yake ni kuvuliwa kazi, na Mungu mwenyewe anashuka malishoni. Kutawanyika kwa kundi kunahesabiwa kosa la wachungaji. Hakuna kondoo anayelaumiwa kwa kutotii.

Kisha zinakuja aya ya 17 hadi ya 22. Hapo hukumu inahamia kati ya kondoo na kondoo. Wanono wamekula malisho mazuri na kuyakanyaga yaliyosalia, wamekunywa maji safi na kuyavuruga yaliyobaki, tena wanawasukuma wanyonge kwa ubavu na bega. Basi kundi lenyewe si jumuiya ya wasio na hatia. Ndani yake wamo wenye nguvu wanaonufaika na uzembe wa mchungaji. (Mahubiri mengi niliyoyasikia huishia aya ya 16. Pengine ni kwa sababu zinazofuata zinawagusa wafadhili walioketi viti vya mbele.)

Mashtaka ya Ezekieli yalilenga ikulu, na wapo walioyarudisha huko. Februari 1977 maaskofu wa Kianglikana nchini Uganda, wakiongozwa na Askofu Mkuu Janani Luwum, walimwandikia Idi Amin kupinga mauaji ya raia. Tarehe 16 mwezi huohuo Luwum aliuawa. Serikali ikadai ni ajali ya gari.

Yohana 10 nayo husomwa kana kwamba inaanza yenyewe. Mgawanyo wa sura, uliowekwa karne nyingi baadaye, unaficha kwamba Yesu anaendelea kuwajibu viongozi wa sura ya 9, waliomfukuza kipofu aliyeponywa kwa sababu alithubutu kubishana nao. Ni kondoo huyo mbishi anayetetewa. Tena aya ya 5 inasema kondoo humkimbia mgeni kwa kuwa hawaijui sauti yake. Kupambanua sauti, basi, ni kazi ya kundi, na mwenye kudai utii usiohoji anawanyima waumini uwezo ambao Injili inawapa.

Uzito wa jambo hili ulionekana Shakahola, Kilifi, mwaka 2023, ilipofukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu wanaohusishwa na mafundisho ya kufunga hadi kufa ili kumwona Yesu. Serikali ya Kenya iliunda jopokazi la kupitia sheria zinazosimamia mashirika ya dini. Sheria inahitajika, ila haiwezi kumfundisha muumini kuitambua sauti ya mgeni. Hiyo ni kazi ya kanisa, na mahali pa kuianzia ni darasa la kipaimara: kijana asomeshwe Ezekieli 34 nzima, aya ya 17 ikiwemo, kisha aruhusiwe kuuliza sadaka ya Jumapili iliyopita ilikwenda wapi.