Kutoka Mali ya Umma hadi Nyundo ya Dalali: Mnunuzi Mgeni wa Nyumba za Rehani Mjini Songea

Katika mitaa ya Songea kama vile Lizaboni, Mfaranyaki na Bombambili, tangazo la mnada hubandikwa ukutani mwa nyumba inayouzwa, na kila apitaye husoma jina la mwenye nyumba. Maandishi mengi kuhusu rehani humtazama mkopaji aliyeshindwa kulipa au benki iliyokopesha. Makala haya yanamtazama mtu wa tatu: yule anayefika mnadani kwa mara ya kwanza, akiwa na akiba yake ya miaka kadhaa na nia ya kuanza kuwekeza katika nyumba. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba hatari zinazomkabili mtu huyo hazikuzaliwa na benki za leo. Amezirithi kutoka katika namna ardhi ilivyomilikiwa tangu ukoloni, na ndiyo maana hazionekani katika karatasi ile ya ukutani.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923 iliiweka ardhi yote ya Tanganyika kuwa ya umma, chini ya mamlaka ya Gavana. Mwananchi alibaki na haki ya kuikalia na kuitumia tu. Sheria nyingine ya zama hizohizo ilibana uwezo wa mfanyabiashara asiye Mwafrika kumdai Mwafrika deni mahakamani. Serikali ilidai kwamba inamlinda mwenyeji. Matokeo yake yalikuwa kwamba nyumba ya mwenyeji haikuwa na uzito wowote kama dhamana. Hata katika nchi ya Wangoni na Wamatengo, ambako chama kikuu cha ushirika kiliundwa miaka ya 1930, mkulima alikopeshwa kwa kutazamiwa mavuno yake. Paa lake halikuhesabiwa.

Uhuru haukuigeuza misingi hiyo, uliikaza. Mwaka 1958 Mwalimu Nyerere alikwisha kuonya, katika andiko lake la «Mali ya Taifa», juu ya hatari ya kuifanya ardhi kuwa bidhaa ya kuuzwa. Umiliki wa kudumu uliofanana na ule wa Uingereza ukaondolewa mwaka 1963. Benki zilitaifishwa Februari 1967, na Aprili 1971 yakafuata majengo yenye thamani inayozidi shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Benki ya Nyumba Tanzania iliyoanza kazi mwaka 1973 ilikopesha wajenzi, lakini ilisambaratika mwaka 1995 ikiwa imezongwa na madeni yasiyolipika. Katika mazingira hayo kununua nyumba ya mtu aliyeshindwa na deni kulionekana kuwa jambo la aibu kuliko biashara. Kwa maoni ya mwandishi, aibu hiyo haijaisha.

Mabadiliko makubwa yaliletwa na Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999. Hadi wakati huo, kwa nadharia, aliyenunua nyumba alinunua kuta, bati na miti aliyopanda mwenzake. Ardhi tupu haikuwa na bei. Sheria mpya ilitamka kwamba maslahi katika ardhi yana thamani, na sura yake ya rehani ikampa mkopeshaji uwezo wa kuuza bila kwenda kwanza mahakamani. Marekebisho ya mwaka 2004 na ya mwaka 2008 yaliufanya uwezo huo kuwa mwepesi zaidi. Leo mkopaji aliyekiuka masharti hupewa notisi ya siku 60, na zikipita bila malipo, njia ya mnada iko wazi.

Hapa pana jambo ambalo mnunuzi mgeni hulikosea mara nyingi. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, katika kifungu cha 48, inaikinga nyumba ambamo mdaiwa anaishi na familia yake isikamatwe kwa deni la kawaida. Akiisikia kinga hiyo kwa majirani, mnunuzi huogopa kila mnada. Asipoisikia kabisa, hununua kila kitu. Ukweli ni kwamba aliyeiweka nyumba rehani kwa hiari yake hawezi kujificha nyuma ya kinga hiyo. Kwa hiyo swali la kwanza la mnunuzi si bei. Ni kujua nyumba inauzwa kwa amri ya mahakama au kwa uwezo wa rehani.

Bei nayo ina mtego wake. Kifungu cha 133 cha Sheria ya Ardhi kinamtaka mkopeshaji atafute bei bora inayopatikana. Nyumba ikiuzwa chini ya wastani wa bei ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, sheria inadhania kwamba wajibu huo umevunjwa, mpaka mkopeshaji athibitishe vinginevyo. Tuchukulie kwamba nyumba za aina moja huko Msamala huuzwa kwa wastani wa shilingi milioni 40. Atakayeipata kwa milioni 30 au chini ya hapo atapongezwa na rafiki zake, ilhali bei hiyohiyo ndiyo itakayobebwa na mkopaji kwenda nayo mahakamani kuomba mauzo yabatilishwe. Ni kweli kwamba kifungu cha 135 kinamlinda mnunuzi ambaye hakujua, wala hakuwa na sababu ya kujua, udanganyifu uliofanywa. Lakini ulinzi huo hupatikana mwishoni mwa kesi, na kesi hula miaka.

Suala zito kuliko yote ni la ndoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 59, inamkataza mwanandoa kuiweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, na Sheria ya Ardhi ikaongeza kwamba rehani ya makazi hayo haisimami bila ridhaa hiyo. Marekebisho ya mwaka 2008 yalimtwika mkopaji wajibu wa kutamka kama ana mwenza au wenza. Anayetamka, basi, ndiye mwenye sababu ya kuficha.

Mwandishi alilishuhudia jambo hili kwa macho yake. Alikwenda kwenye mnada mmoja mjini Songea akiwa na fedha mfukoni, kwa nia ya kununua na si ya kutafiti. Gari la matangazo lilikuwa limezunguka mtaa mzima. Linafanya kazi ya ngoma, kwa kuwa Sheria ya Madalali iliyoandikwa zama za Waingereza iliagiza mnada wa ardhi utangazwe siku 14 kabla, kwa Kiswahili pia, na hata kwa mlio wa ngoma, ili asiyejua kusoma naye asikie. Watazamaji walikuwa wengi, wazabuni wanne. Kabla ya dalali kuanza, jirani mmoja mzee alimwambia mwandishi kwa sauti ya chini: «Mwanangu, mama wa nyumba hii hakuitwa hata siku moja kuweka sahihi.» Mwandishi hakuinua mkono. Nyumba ilichukuliwa na kijana aliyekuwa amekuja kutoka nje ya mkoa, na baada ya muda mfupi mlango ukabandikwa karatasi nyingine, hii ya zuio la mahakama.

Upekuzi rasmi wa hati katika ofisi ya ardhi ungemwonyesha kijana yule rehani iliyosajiliwa na jina la mmiliki. Usingemwonyesha kama sahihi ya ridhaa ni ya mke mwenyewe, wala kwamba vyumba vya uani vina wapangaji waliokwisha kulipa kodi ya mwaka mzima. Hayo anayajua mwenyekiti wa mtaa, na anayajua mzee wa jirani. Mwandishi alipopita tena pale mwaka uliofuata, wapangaji walikuwa bado wanaanika nguo uani, na karatasi zote mbili, ya dalali na ya mahakama, zilikuwa zimefifia kwa mvua.