Majani Ishirini na Matano

Mwaka 1952 bahasha yenye majani 25 ilitoka Jamaika ikafika Kanada, kwa Dakta Clark Noble. Kisiwani watu waliyachemsha wakayanywa kama chai ya kutibu kisukari. Noble huyu ndiye anayesimuliwa kuwa mwaka 1921, huko Toronto, alirusha sarafu na mwenzake Charles Best kuamua nani aanze kumsaidia Banting katika utafiti wa insulini. Akashindwa, na Best akaingia vitabuni. Safari hii bahasha akampa mdogo wake, Robert, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Western Ontario.

Panya wakanyweshwa, sukari haikushuka. Wakadungwa sindano ya maji ya majani, wakafa kwa maambukizi ndani ya siku chache. Ingekuwa rahisi kuandika "sumu" na kufunga daftari. Robert na wenzake wakapima damu, wakakuta chembe nyeupe zimepungua mno na uboho umedhoofika. Basi swali likageuka: kinachozima chembe nyeupe, hakiwezi kuzima saratani ya damu? Mkemia Charles Beer akakitenga kiini chenyewe, na mwaka 1958 wakakitangaza. Leo tunakiita vinblastini.

Sifa za ugunduzi huu hupewa maabara. Mimi huanza kuhesabu kwa wanywaji wa chai wa Jamaika: kuhusu sukari panya hawakuwaunga mkono, ila kwamba mmea ule wa asili ya Madagaska una nguvu, hawakukosea.

Nasoma baiolojia ya seli, na kinachonivutia zaidi ni kwamba dawa ilitangulia maelezo yake. Seli inapogawanyika hujenga mirija myembamba kwa vipande vya protini, na mirija hiyo huvuta kromosomu huku na huku. Vinblastini huving'ang'ania vipande, mirija isijengeke. Seli hukwama katikati, na nyingi hufa. Uboho huumia mapema kwa sababu seli zake hugawanyika bila kupumzika. Lakini protini hiyo ilipewa jina la tubulini mwaka 1968, na Hideo Mohri wa Japani. Wagonjwa walikuwa wameshatibiwa kwa miaka.

Mmea huohuo hutoa vinkristini, ambayo huwaacha wagonjwa wengi na ganzi vidoleni. Seli za neva hazigawanyiki, ila husafirishia mizigo yake kwenye mirija ileile.