Ulianza na skrubu ipi?

Mwaka 1964, katika makumbusho ya watoto ya mjini Boston, Marekani, lilifunguliwa onyesho lenye swali moja: ndani kuna nini? Vitu vya kila siku vilipasuliwa katikati ili matumbo yake yaonekane. Hata barabara ya mji ilikatwa kama mkate, mtoto akaweza kushuka kwenye shimo la majitaka na kujionea kinachopita chini ya miguu ya watu. Aliyeongoza kazi hiyo ni Michael Spock, mkurugenzi tangu 1962, mtoto wa yule daktari Benjamin Spock ambaye kitabu chake cha malezi cha 1946 kiliingia nyumba nyingi za Wamarekani. Michael alipata taabu kubwa ya kusoma utotoni. Maandishi yalimkatalia, vitu vikamkubali. Alipokabidhiwa makumbusho yenye makabati ya vioo, akaanza kuviondoa vioo.

Nikimfikiria mtoto anayeshuka shimoni, namsikia mama wa mtaani kwetu akiita kutoka dirishani: "Wewe mtundu, toka huko!"

Mtundu. Kwa mtoto neno hilo ni lawama: hatulii, anachokonoa, anaharibu. Kwa fundi ni sifa: mbunifu, mikono yake haishindwi. Kiswahili hakikuwatenga hao wawili, na naamini hakikukosea. Sisi walezi ndio tuliowatenga. Nilipokuwa na miaka minane nilifungua redio ya mjomba nikimtafuta anayesoma taarifa ya habari. Nilichapwa. Kesho yake nikatumwa kuipeleka kwa fundi, vipande vyote vikiwa kwenye mfuko wa rambo. Mzee yule alivimwaga mezani, akanitazama, kisha akauliza: "Ulianza na skrubu ipi, mwanangu?" Nikamwonyesha. Akanivutia kigoda, akaniwekea bisibisi mkononi. Jioni ile niliiona spika ikitetemeka chini ya kidole changu, nikajua sauti inatoka wapi.

Makumbusho ya Boston yamejengwa juu ya swali la mzee yule. Tofauti ni kwamba kule swali limepewa jengo, bajeti na wafanyakazi, na kwetu linategemea bahati ya kukutana na mtu mwenye moyo.

Wenzetu waliyahitaji majengo hayo kwa sababu ya mji. Makumbusho ya kwanza ya watoto duniani yalifunguliwa Brooklyn, New York, Desemba 1899. Ya Boston, yaliyoanzishwa na walimu wa sayansi, yalifuata 1913. Miji ilikuwa inafurika watu, na mtoto wa ghorofani hakuwa na ua wa kuchimba wala mhunzi jirani wa kumtazama. Anna Billings Gallup, aliyefanya kazi Brooklyn kwa zaidi ya miaka 30, alishikilia kwamba mtoto akiingia mle ndani ajisikie kuwa nyumba nzima imewekwa kwa ajili yake.

Pwani yetu uwanja ulikuwepo, na ndio uliofundisha. Chukua tiara. Mexico City kuna makumbusho ya watoto yaliyofunguliwa 1993 yanayoitwa Papalote, ambalo kwa Wameksiko ndilo jina la tiara, nalo limetoka katika neno la Kinahuatl lenye maana ya kipepeo. Vijana wanaowaongoza watoto humo huitwa cuates, yaani pacha, na katika lugha ya mtaani, rafiki wa kufa na kuzikana. Napenda jina hilo kwa dhati, maana linasema ukweli ambao watoto wa Zanzibar na Mombasa wanaujua: tiara hufundishwi na mwalimu, unafundishwa na mwenzako aliyekuzidi miaka miwili. Ndiye anayekuonyesha chelewa ipi haivunjiki ikipindwa, na mkia wa tambara uwe mrefu kiasi gani ili tiara isipige mbizi. Ila huyo wa kwetu hapokei mshahara, na tiara ikikamilika ni yako. Unalala nayo chini ya kitanda.

Hapo ndipo ninapoona upungufu wa makumbusho mengi ya kugusa. Kitu kimeundwa na watu wazima, kikajaribiwa kisivunjike, kikafungwa kwa nati. Mtoto anakizungusha, anafurahi, anakiacha. Mtoto wa gari la waya, lenye magurudumu ya ndala kuukuu, alianza bila kitu. Aliokota. Boston yenyewe ilielewa jambo hili: kwa miaka mingi makumbusho yao yalikuwa na duka la masalia ya viwanda, vipande vya povu, ngozi na plastiki vilivyouzwa kwa bei ndogo ili mtoto akajiundie nyumbani. Na San Francisco, kwenye Exploratorium iliyoanzishwa na mwanafizikia Frank Oppenheimer mwaka 1969, karakana inayotengeneza maonyesho imeachwa wazi, mgeni awaone mafundi wakikata na kuchomelea. Mtoto aliyekua akimshikia baba tochi chini ya gari, akisikia "nipe spana ya 14", angejisikia nyumbani pale.

Lakini uwanja wetu sitausifu kupita kiasi. Nani aliyepata muda wa kuunda gari la waya? Kaka yangu. Dada yangu alishika vitu kuliko sisi sote, ila alivishika kazini: mbuzi ya kukunia nazi, ungo, ukili wa mkeka. Alijifunza mengi kwa vidole vyake, na hakuna aliyemwambia kwamba anaweza kuliacha jiko na kwenda kufungua redio. Kwenye mlango wa makumbusho ya Boston hakuna anayeuliza mtoto ni wa kike au wa kiume. Hilo ni jambo kubwa, hata kama kiingilio chenyewe huwabakiza wengine nje.

Na ndani ya jengo hilohilo kuna kitu ambacho ningetamani kila mwalimu wa kwetu akione: nyumba ya mfanyabiashara wa hariri kutoka Kyoto, mji wa Japani ulio na udugu na Boston tangu 1959. Ilivunjwa ubao kwa ubao, ikasafirishwa, na mafundi seremala wa Kyoto wakaisimamisha upya ndani ya makumbusho. Hakuna kioo. Ila mtoto anavua viatu kwanza. Mtoto wa Lamu asingehitaji kuelezwa. Anajua kwamba nyumba ya watu unaingia, unakaa, unashika kikombe, lakini viatu vimebaki mlangoni. Kugusa na adabu vimekaa pamoja, wala kimoja hakikumfukuza mwenzake.

Sisi tunapo mahali pa kuanzia. Kijiji cha Makumbusho jijini Dar es Salaam, tangu miaka ya 1960, kina nyumba za ukubwa halisi za jamii mbalimbali za Tanzania, msonge wa Wahaya na tembe la Wagogo zikiwamo, zilizojengwa kwa miti, nyasi na udongo. Nilimpeleka mpwa wangu, mtoto wa ghorofa ya nne Kariakoo ambaye hajawahi kukanda udongo. Kwa mazoea ya shule aliingia ameweka mikono nyuma. Nikamwambia, "Shika, mama." Akanyoosha mkono ukutani, polepole, kisha akaita kwa sauti. Udongo ulikuwa na mifereji minne midogo sambamba, alama za vidole vya aliyekandika. Akaweka vidole vyake humo, kimoja kimoja. Havikutosha, mifereji ilikuwa mipana. "Huyu alikuwa nani?" akaniuliza, na hakutaka kuutoa mkono.