Mantiki kwa Kiswahili: kazi ya kujitolea inayoisubiri Kilembwe

Kijana wa Kilembwe, katika Lulenge ya Fizi, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, akimaliza sekondari na kushuka Uvira au Bukavu kuendelea na chuo kikuu, somo la mantiki atalipata kwa Kifaransa. Kiswahili, ambacho Katiba ya nchi ya 2006 inakitaja kati ya lugha nne za taifa, hakimfikishi mbali katika somo hilo. Mahali ambapo upungufu huo ungeweza kuzibwa bila kungoja wizara wala mchapishaji ni Wikipedia, na historia yake inaonyesha jinsi hilo linavyowezekana.

Kamusi elezo hiyo ilianza Januari 2001, chini ya Jimmy Wales na Larry Sanger. Sanger ni msomi wa falsafa, na katika miezi ya mwanzo aliweka humo mihadhara yake mwenyewe ili watu wasiomjua waikate, waipanue na kuisahihisha. Ndivyo falsafa, na mantiki ndani yake, ilivyopata msingi mapema kwa Kiingereza.

Toleo la Kiswahili lilifunguliwa 2003, likakaa karibu tupu. Aliyelishika mkono ni Ndesanjo Macha, mwandishi Mtanzania aliyekuwa akiishi North Carolina, Marekani. Aliandika na kuwahimiza wengine waandike. Baada yake walikuja wachache wenye moyo, Waswahili na wageni waliojifunza lugha, wakiandika usiku baada ya kazi zao. Hakuna aliyewalipa. Mwishoni mwa 2009 Google iliandaa shindano kwa wanafunzi wa vyuo vya Kenya na Tanzania, na mamia ya makala yakaingia kwa muda mfupi. Zawadi zilipogawiwa, wengi hawakurudi. Waliobaki wakiendelea kusahihisha ni walewale wa kujitolea.

Wanawikipedia duniani wana orodha ya makala 1,000 ambazo kila lugha inatakiwa kuwa nazo. Mantiki imo. Lakini kuwa na ukurasa mmoja si kuwa na somo. Nyuma yake wanahitajika Aristotle, Ibn Sina, George Boole aliyeigeuza mantiki kuwa hesabu mwaka 1854, Gottlob Frege na kitabu chake cha mantiki cha 1879, na zaidi ya hao, makosa ya hoja yaliyoelezwa kwa mifano inayoeleweka huku kwetu.

Chukua mmoja. Mvua ikinyesha sana mlimani, mto hufurika. Mvua imenyesha, basi mto utafurika: hoja hiyo inasimama. Geuza sasa: mto umefurika, basi mvua imenyesha. Haisimami, kwa sababu huenda mti ulioanguka umeziba maji njiani. Mwalimu anaweza kuandika hayo kwa mistari michache, na mtoto wa darasa la sita akaelewa.

Katika Fizi hili si jambo la vitabuni tu. Mtu mmoja wa kabila fulani akifanya ubaya, uvumi unasema kabila lote ndivyo lilivyo, na kabla ya jioni familia zinafunga mizigo. Hoja hiyo ni mbovu kwa kanuni iliyofahamika tangu Wagiriki wa kale, na kwa maoni yangu watu wetu wana haki ya kuisoma kanuni hiyo katika lugha wanayozungumza sokoni.

Mtandao dhaifu si kizuizi kikubwa kama inavyodhaniwa. Tangu 2007 ipo programu ya bure iitwayo Kiwix: mtu hupakua Wikipedia nzima ya Kiswahili akiwa mjini Baraka au Uvira, akaipeleka Kilembwe kwenye simu, ikasomwa bila intaneti. Kuandika nako huanza kwenye daftari. Anayeshuka mjini atabonyeza Hariri na kuyaweka yaliyoandikwa.

Walimu wa Lulenge mnaofundisha hesabu na Kifaransa, maarifa mnayo tayari. Anzeni na makala moja, muwape wanafunzi wenu wa mwaka wa mwisho waikosoe, kisha muipandishe.