Nani Anapiga Kwanza?

Ukiketi leo kucheza Dungeons & Dragons na vita vizuke, kila mtu anarusha dadu ya pande 20, mwenye namba kubwa anaanza, mambo yanasonga. Rahisi. Lakini hilo swali dogo la nani anapiga kwanza liliwatesa wachezaji miaka mingi, na mimi naona ukilifuata utaielewa historia ya mchezo huu kuliko ukifuata hadithi za majoka.

Mchezo ulitoka mwaka wa 1974 huko Lake Geneva, mji mdogo jimboni Wisconsin, Marekani. Gary Gygax na Dave Arneson walikuwa wameandika vijitabu 3 vilivyouzwa ndani ya kisanduku, nakala 1,000 za kwanza. Humo kila silaha huumiza kwa pointi 1 hadi 6, na mchawi anayeanza ana pointi 1 hadi 6 za uhai. Fanya hesabu. Pigo moja linaweza kukumaliza, kwa hivyo anayetangulia ndiye anayeishi.

Sasa vipekue vijitabu hivyo ukitafuta nani anatangulia. Hutapata. Jibu limo kwenye kitabu kingine kabisa! Waandishi walichukulia kuwa tayari unacho Chainmail, kanuni za vita vya sanamu ndogo za askari ambazo Gygax na Jeff Perren walizitoa mwaka wa 1971. Humo mshambuliaji ndiye hupiga kwanza, isipokuwa mpinzani wake awe amesimama juu, au silaha yake iizidi ya mshambuliaji kwa madaraja mawili. Madaraja yenyewe yalipangwa zaidi kwa urefu wa silaha: mkuki unakufikia kabla jambia lako halijafika popote. Hiyo inaingia akilini.

Shida ni kwamba vijitabu vya 1974 vilikuwa pia na njia mbadala ya kupigana, ile ya dadu ya pande 20, na wengi waliishika hiyo bila kuwahi kuiona Chainmail. Wakapata jedwali la kuwaambia kama pigo limempata adui, basi. Kinga nayo ilihesabiwa kinyumenyume: asiyevaa chochote ana 9, mwenye deraya ya chuma na ngao ana 2. Na raundi moja ilikuwa dakika nzima. Dakika nzima, pigo moja! Sekunde zile zingine tunafanya nini, tunasalimiana?

Mimi siuiti huo uvivu. Waliviandika wakiwa wameshaucheza mchezo na marafiki zao, na sheria nyingi zilikaa mdomoni. Ni kama kadi huku kwetu: hakuna aliyekuandikia lini useme "niko kadi", na ukihamia mtaa mwingine unakuta wasee wana sheria zao. Tofauti ni kwamba kadi unafundishwa na mtu aliyeketi mbele yako. Kisanduku hiki kilifika kwa watu wasio na wa kumuuliza.

Wakajijibu wenyewe. Huko California, mwaka wa 1976, Steve Perrin aliandika kanuni za kuipanga raundi hatua kwa hatua, wepesi wa mhusika ukiamua nani atangulie, akazisambaza kwenye mkutano wa wachezaji uitwao DunDraCon. Perrin hakuwa anakisia tu. Alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha watu wanaovaa deraya na kupigana kweli kweli kwa panga za henzerani. Miaka miwili baadaye ulitoka mchezo wake na wenzake, RuneQuest: raundi ya sekunde 12, na zamu yako inategemea wepesi wako, umbo lako na urefu wa silaha. Ukisoma unahisi hawa ni watu waliowahi kuchapwa.

Mwaka wa 1977 J. Eric Holmes, daktari wa mishipa ya fahamu, alipewa kazi ya kuvifanya vile vijitabu vieleweke na wanaoanza. Aliandika vizuri, ila humo kuna sheria moja inayonichekesha hadi leo. Silaha nyepesi kama jambia hupiga mara mbili kila raundi. Upanga mzito wa mikono miwili hupiga mara moja kila raundi mbili. Lakini zote bado huumiza kwa pointi 1 hadi 6. Katika raundi 10, jambia limepiga mara 20 na upanga mara 5. Yaani kisu cha mfukoni kinalishinda panga la shujaa mara nne!

Gygax alikuja na jibu lake mwaka wa 1979, kitabu kinene cha mwamuzi wa mchezo. Alieleza kwamba dakika moja imejaa kuviziana na kukwepana, na dadu ni ile nafasi moja ya maana. Sawa. Kisha akaigawa dakika hiyo vipande 10 vya sekunde 6, akaongeza kasi ya kila silaha, kasi ambayo wakati mwingine inahesabika na wakati mwingine haihesabiki, kutegemea dadu zimelingana au kuna mtu anafanya uchawi. Hapo mimi huweka kalamu chini. Alitaka kumaliza ubishi kila meza, akaupa ubishi kurasa za kunukuu.

Aliyenyoosha mambo ni Tom Moldvay, mwaka wa 1981, katika kijitabu cha kurasa 64. Kila upande unarusha dadu ya pande 6. Walioshinda wanasonga, wanatupa mishale, wanafanya uchawi, halafu wanapiga ana kwa ana. Kisha zamu ya wengine. Jambia likarudi kupiga mara moja kama wenzake. Na ule upanga wa mikono miwili, ambao kwenye Chainmail ungemtangulia mwenye jambia kwa urefu wake, sasa ndio unapiga mwisho.