Aliyetiliwa Dawa Akaiba: Historia Fupi ya Utetezi Mmoja

Nairobi mtu akitiliwa dawa katika kinywaji tunasema amewekewa mchele. Kwa kawaida aliyewekewa mchele ndiye anayeibiwa: huamka asubuhi hana simu wala pesa, na wengine hawaamki. Ndiyo maana nilipopangiwa, katika mahakama ya mfano ya mwaka wa pili, kumtetea mshtakiwa aliyedai kwamba alitiliwa dawa kisha akaiba yeye, darasa lilicheka. Hata mimi nilicheka. Kisha nikasoma adhabu. Chini ya kifungu cha 296(2) cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, anayeiba kwa mabavu akiwa na silaha hatari, au akiwa na mwenzake, au akimjeruhi mtu, adhabu yake ni kifo. Hakuna aliyenyongwa nchini tangu 1987, lakini kifungu hicho hakijafutwa.

Utetezi wenyewe ni wa kale. Jaji Mwingereza Matthew Hale, aliyefariki 1676, aliandika katika kitabu kilichochapishwa 1736 kwamba mlevi hana udhuru, isipokuwa aliyeleweshwa na tabibu asiyejua kazi yake au kwa hila za maadui. (Tabibu ametajwa kabla ya maadui, sijui wagonjwa wa enzi hizo walikuwa wameonja nini.) Wazo hilo lilitufikia kupitia India. Kanuni ya Adhabu ya India ya 1860, iliyoanza kutumika kwetu 1897 wakati wa himaya, ilimsamehe katika kifungu cha 85 mtu aliyepewa kilevi bila kujua au bila kutaka, mradi ulevi huo ulimfanya asiweze kutambua anachotenda. Mwaka 1930 Kenya ikapata kanuni yake yenyewe.

Leo tunasoma kifungu cha 13. Ulevi si utetezi, ila pale ambapo mshtakiwa hakujua alitendalo, au hakujua kwamba ni kosa, na mojawapo ya mambo mawili likawepo: ama alileweshwa bila ridhaa yake kwa uovu au uzembe wa mtu mwingine, ama ulevi ulimtia wazimu. Watu wawili wanaweza kutenda tendo lile lile, akili zao zikiwa zimepotea sawasawa, lakini wa kwanza huachiliwa aende nyumbani, na wa pili hushughulikiwa kama mwendawazimu na kuwekwa kizuizini. Kinachowatenganisha ni mkono uliomimina.

Huo ndio msingi niliojenga hoja yangu juu yake, na nikashindwa. Katika kisa tulichopewa, mshtakiwa alikunywa soda aliyonunuliwa na watu asiowafahamu. Saa mbili baadaye alikuwa nao dukani, ameshika panga, akidai pesa. Polisi walipofika alitorokea uchochoro wa nyuma. Mhadhiri aliyeketi kama jaji aliniuliza swali moja tu: mtu asiyejua anachofanya aliujuaje uchochoro? Nilisema dawa ilimwondolea woga. Kumbe nilikuwa nimejikaanga mwenyewe. Mwaka 1994 Baraza la Malodi la Uingereza lilikwisha kuamua kwamba dawa ikiondoa kizuizi tu, huku nia ya kutenda ikiwapo, nia hiyo bado ni nia, hata kama dawa alitiliwa. Hukumu hiyo haizifungi mahakama zetu, lakini maneno ya kifungu cha 13 yanaelekea huko huko: kupungukiwa woga si kutojua.

Nilisahau pia kijifungu cha 4, ambacho kinaruhusu ulevi wa aina yoyote, hata wa kujitakia, kuzingatiwa katika kuamua kama mshtakiwa alikuwa na nia. Wizi hauwi wizi bila nia ya kuiba. Ningeanzia hapo, nisingehitaji kuthibitisha nani alimimina nini. Tena hilo la kumimina ni gumu kulithibitisha: dawa nyingi za usingizi hutoweka mwilini kwa saa au siku chache, na katika faili tuliyopewa damu ya mshtakiwa ilipimwa siku ya tisa.