Rupia 3 kwa Kila Nyumba: Habari za Kodi katika Nchi ya Usambara

Jioni hii nataka tuzungumze habari za kodi. Najua ya kuwa neno hili si tamu masikioni, wala sijamwona mtu aendaye kulipa huku akiimba. Lakini kodi ina historia yake, na mwenye kuijua ataelewa kwa nini nyumba mbili zaweza kutoa fedha sawasawa, moja ikasimama imara na ya pili ikayumba.

Na tuanzie Mnazi, katika wilaya ya Lushoto. Mahali hapo pako chini ya milima ya Usambara, upande wa kaskazini, katika nyika ielekeayo mpaka wa Kenya. Juu ni nchi ya baridi, migomba na mvua. Chini ni nchi ya joto, na mojawapo ya mimea yake ni mkonge. Kushuka kutoka mlimani kwenda kwenye mashamba makubwa ya nyikani ndiyo safari waliyoifanya waume wengi wa nchi hii, nao walikuwa wakitafuta fedha ya kodi.

Kabla ya hapo Wasambaa hawakukosa kutoa. Walimpa ushuru mfalme wao wa ukoo wa Wakilindi, aliyekaa Vugha, wakamwita Simba Mwene. Walitoa mifugo na chakula, na kazi ya mikono yao. Nao walikuwa na kipimo chao cha kumpimia. Mfalme aliyetuliza ugomvi na kuleta mvua walisema anaponya nchi, na kwa Kisambaa ni kuzifya shi. Mfalme aliyekula ushuru na nchi ikaona njaa walisema anaiharibu nchi, na hiyo ni kubana shi. Sisemi kwamba wafalme wote walikuwa wema, la. Nasema tu ya kuwa mtoaji alijua aulize nini.

Sasa wakaja Wadachi. Mwaka 1897, wakati wa Gavana Eduard von Liebert, ilitolewa amri ya kodi ya nyumba, na kuanzia mwaka 1898 ikaanza kutozwa. Kwa nyumba ya shamba kiwango kilikuwa rupia 3 kwa mwaka. Mwanzoni watu waliweza kulipa kwa mazao au kwa kazi, lakini nia ya serikali ilikuwa fedha. Na fedha haioti shambani. Mtu aweza kuwa na ghala lililojaa mahindi, asiwe na rupia hata moja.

Tuchukue mfano wa majirani wawili. Wa kwanza ana ng'ombe na migomba mingi, na kwa mwaka hupata rupia 60. Wa pili ana kishamba kimoja, na kwa mwaka hupata rupia 12. Mtoza kodi apita, na kila mmoja atoa rupia 3. Machoni pa karani wamelipa sawa. Lakini wa kwanza ametoa sehemu moja katika ishirini ya pato lake, na wa pili ametoa robo nzima. Hapo ndipo kodi iliyo sawa kwa hesabu huwa si sawa kwa uzito. Tajiri huuza mbuzi mmoja, akarudi kuketi barazani. Maskini huuza chakula cha watoto wake, au hufunga safari ya kwenda kujiajiri.

Na jambo hilo la kujiajiri halikuwa ajali. Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893 na Dr Richard Hindorf, na mashamba yakaenea, nayo yalihitaji mikono mingi. Reli ilianza kujengwa kutoka Tanga mwaka huo huo wa 1893, ikafika Mombo mwaka 1905. Basi Wasambaa wakaona njia nyingine: waliuza vyakula vyao, wakalipa kodi kwa fedha hiyo, wakabaki makwao. Walowezi wakanung'unika kwamba watu hawaji kazini. Mwaka 1907, katika wilaya hii, iliyoitwa Wilhelmstal wakati ule, ukaanzishwa mpango wa kipande. Kila mwanamume alipaswa kumfanyia mlowezi kazi ya siku 30 katika kila miezi minne, kwa mshahara uliowekwa. Asiyezitimiza alichukuliwa kwa kazi za serikali. Tazameni basi: kodi peke yake ilipokosa kumtoa mtu nyumbani, amri ikamtoa.

Gharama ya siku zile haikuandikwa katika kitabu cha kodi. Mume akiwa shambani kwa mlowezi wakati wa kupanda, jembe hubaki mikononi mwa mke. Yeye hulima na kupalilia, hulea watoto na kulinda mahindi yasiliwe na nguruwe. Cheti cha kodi kina jina la mume, lakini jasho lililokilipia ni la watu wawili.

Baada ya vita vikuu vya kwanza wakaja Waingereza. Sheria yao ya mwaka 1922 iliunganisha kodi ya nyumba na kodi ya kichwa, na mume mwenye wake wengi alitakiwa kulipa zaidi. Mwaka 1926, katika enzi ya Gavana Donald Cameron, watawala wa wenyeji walipewa madaraka mapya. Badala ya kupokea ushuru wa kale, walilipwa mshahara kutoka Hazina ya Wenyeji, na hazina hiyo ilijazwa kwa sehemu ya kodi. Hivyo mtawala wa Vugha akaanza kupata riziki yake kwa mkono wa serikali, wala si kwa mkono wa raia zake. Kisha baada ya mwaka 1929 bei ya katani ikaanguka duniani kote, na mishahara ya vibarua ikaanguka nayo. Waliokosa fedha ya kodi walipelekwa kuilipa kwa kazi za serikali, kama vile kutengeneza barabara.

Hapa msikilizaji mwenye akili atasema, "Dawa ni rahisi. Kila mtu na atozwe kwa kadiri ya mali yake." Ni neno la haki. Lakini sikilizeni yaliyotokea kwa jirani zetu Wapare, ng'ambo ya bonde la Mkomazi. Wakati wa vita vikuu vya pili, wilaya ile iliongezewa kodi ya kupimwa kwa kadiri ya mali, nayo ikaitwa mbiru, jina la ushuru wa zamani. Mwenye nacho alitakiwa atoe zaidi, na maskini kidogo. Lakini watu hawakuelewa ng'ombe, kahawa na shamba vilipimwaje, wala hawakuwaamini wapimaji. Mwezi wa Januari 1945 maelfu ya wanaume walikwenda kwa miguu hadi Same, penye boma la Bwana Shauri, wakapiga kambi wakikataa kodi ile. Wanawake nao walitoka kumkabili Bwana Shauri, kwa kuwa nyumba zilikuwa hazina waume. Mwishowe mbiru ikaachwa.

Je, Wapare walikuwa wajinga hata wakakataa kodi iliyomwonea huruma maskini? Hasha. Walijua ya kuwa mizani nzuri mikononi mwa mtu usiyemwamini ni hatari kuliko kutokuwa na mizani. Kodi ya kichwa ilikuwa nzito, lakini kila mtu aliijua hesabu yake, wala hakuna karani aliyeweza kuiongeza kwa chuki.

Tangu hapo mengi yamebadilika. Kodi ya kichwa ilirudi kwa jina la kodi ya maendeleo katika miaka ya 1980, ikafutwa mwaka 2003. Leo mwenye mshahara mkubwa hukatwa kwa kiwango kikubwa kuliko mwenye mshahara mdogo. Lakini kodi ya ongezeko la thamani, iliyoanza mwaka 1998, haimwulizi mnunuzi ana kiasi gani mfukoni. Na mwaka 2021 ilipowekwa tozo juu ya fedha zitumwazo kwa simu, manung'uniko yalienea hata ikapunguzwa mwaka huo huo. Wengi waliolalamika ni watu wanaowatumia wazazi wao fedha kidogo kidogo.

Basi, wasikilizaji, historia hii yatufundisha kuuliza maswali mawili, wala si moja. La kwanza: kodi hii inamwelemea nani zaidi? La pili: mpimaji ni nani, na fedha ikisha kutolewa yarudi wapi? Wadachi walilisahau la kwanza, na wale walioweka mbiru walilisahau la pili. Wazee wa Usambara walikuwa na swali fupi lililoyabeba yote mawili: je, anayepokea anaiponya nchi, au anaiharibu?